Somo la Tisa: Bangili Inayosema



Umekwisha kujifunza kusoma risiti, barua na maelezo ya mbolea. Leo tutasoma maandishi madogo sana, ambayo huvaliwa mkononi au shingoni. Maneno yake ni machache. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyasoma mara moja. Lakini maneno hayo yanaweza kuokoa maisha ya mtu.

Mtu aliyeanguka gulioni

Hebu tufikiri juu ya mkulima mmoja. Tumwite Mzee Athumani. Mzee huyu ana ugonjwa wa kisukari. Kila siku hujichoma sindano ya insulini kama alivyoelekezwa na daktari.

Leo ni siku ya gulio katika kijiji cha mbali. Mzee Athumani anaamka alfajiri. Anajichoma sindano yake, kisha anasema, "Nitakula huko huko." Anafunga gunia la mahindi kwenye baiskeli. Anaisukuma baiskeli hiyo mlimani kwa muda wa saa mbili. Akifika, wanunuzi wanamzunguka. Wanabishana bei. Chakula kinasahauliwa.

Saa nne Mzee Athumani anaanza kutokwa na jasho jingi. Mikono inatetemeka. Akiulizwa bei, anajibu maneno yasiyoeleweka. Anapepesuka, kisha anaketi chini ya mwembe. Watu wanacheka. Mmoja anasema, "Mzee ameamkia pombe!" Wanamwacha alale mpaka pombe imtoke.

Lakini Mzee Athumani hajanywa pombe. Sukari katika damu yake imeshuka mno. Akiachwa hivyo anaweza kuzimia, na anaweza kufa. Dawa yake anaijua: ni sukari ya kawaida. Sukari hiyo imejaa katika duka lililo hatua kumi kutoka mwembe ule. Ila sasa ulimi haumtii, na hapa hakuna anayemjua.

Je, kama mkononi mwake kungekuwa na bangili yenye maneno NINA KISUKARI, NATUMIA INSULINI, mambo yangekuwaje? Mtu mmoja tu angeinama na kusoma. Hakuna ambaye angecheka tena.

Kwa nini sukari hushuka?

Miili yetu hutumia sukari kama taa inavyotumia mafuta. Insulini ndiyo inayoitoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini ifanye kazi. Mtu mzima wa afya hutengeneza insulini yake mwenyewe. Baadhi ya wagonjwa wa kisukari hawatengenezi, au hutengeneza kidogo mno. Hao huchomwa sindano za insulini. Dawa hii iligunduliwa mwaka 1921 katika mji wa Toronto, nchini Kanada. Mgonjwa wa kwanza alichomwa mwaka 1922. Kabla ya hapo, watoto waliopata kisukari cha aina hiyo walikufa.

Kwa hiyo insulini ni dawa njema sana. Lakini mtu akijichoma sindano halafu asile, au afanye kazi nzito kuliko kawaida, sukari hushuka kupita kiasi. Baadhi ya vidonge vya kisukari pia huweza kuishusha hivyo. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana mgonjwa hufanana na mlevi.

Bangili hizi zilianzaje?

Mwaka 1953, katika mji wa Turlock, jimbo la California, Marekani, msichana aitwaye Linda Collins alijikata kidole. Hospitalini alichomwa dawa kidogo ya kuzuia pepopunda, ili kuona kama mwili wake utaipokea. Mwili uliikataa kabisa. Nusura afe.

Baba yake, Marion Collins, alikuwa daktari. Yeye na mkewe waliingiwa na wasiwasi. Je, siku moja Linda akizimia mbali na nyumbani, nani atawaambia madaktari kwamba dawa ile ni sumu kwake? Kwanza walimwandikia karatasi. Baadaye wakatengeneza bangili ya fedha yenye maandishi. Mwaka 1956 walianzisha chama cha MedicAlert ili wagonjwa wengine nao wapate bangili kama ile. Leo bangili na mikufu ya namna hii huvaliwa katika nchi nyingi.

Si hirizi

Watu wengine wakiona kitu kimefungwa mkononi au shingoni hufikiri ni hirizi. Tuelewane hapa. Hirizi hufungwa na kushonwa, na kilichoandikwa ndani hakisomwi na kila mtu. Bangili ya mgonjwa ni kinyume chake. Iko wazi, ili kila mtu aisome.

Tena bangili hii haiponyi. Haizuii ugonjwa, wala haichukui mahali pa dawa na chakula. Kazi yake ni moja tu: kusema badala yako wakati wewe huwezi kusema.

Nani anaihitaji?

Si kila mgonjwa. Anayeihitaji ni yule ambaye ugonjwa wake unaweza kumwangusha ghafla, au ambaye anaweza kudhurika akipewa dawa ya kawaida. Kwa mfano:

- mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari;
- mwenye kifafa;
- mwenye pumu kali;
- mwenye selimundu;
- mtu ambaye damu yake haigandi upesi, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda;
- mtu anayedhurika na dawa fulani, kama penisilini.

Kama hujui wewe ni mmoja wao au siyo, uliza katika zahanati au kituo cha afya.

Jinsi ya kuchagua

Msomaji, usikimbilie kile kinachong'aa. Jiulize maswali manne.

*Swali la kwanza: Je, nitakivaa siku zote?* Kitu kizuri kilichobaki sandukuni hakimsaidii aliyeanguka shambani. Wanaume wengine husema bangili ni pambo la wanawake. Basi mwanamume huyo avae mkufu ndani ya shati, au kibati kilichofungwa kwenye mkanda kama wa saa. Wewe chagua kile ambacho hutaona haya kukivaa.

*Swali la pili: Je, kitaonekana?* Mwenye kutoa msaada hutazama kwanza mkononi, kisha shingoni. Kwa hiyo sehemu hizo mbili ndizo zinazofaa. Pete ni ndogo mno. Kadi ya mfukoni ni rahisi kupata, lakini hulowa, huchanika, na hubaki katika suruali ya jana. Simu nayo huzimika chaji, au hufungwa kwa namba za siri. Kadi na simu ziwe wasaidizi tu. Bangili au mkufu ndio uwe wa kwanza.

*Swali la tatu: Je, kitavumilia kazi yangu?* Mkulima hutoka jasho. Mvuvi huingia majini. Mama huosha vyombo na kufua. Maandishi ya rangi au ya kalamu hufutika upesi. Yafaa yachongwe ndani ya chuma. Chuma kisichoshika kutu, kama kile cha vijiko vizuri, kinafaa sana na si ghali kama fedha au dhahabu. Dhahabu huita wezi. Kama ngozi yako huwasha ukivaa mkanda wa saa au hereni za bei rahisi, jaribu aina nyingine ya chuma, au mkanda wa kitambaa au mpira wenye kibati juu yake.

Mtu anayefanya kazi karibu na mashine ya kusaga au ya kukoboa awe mwangalifu. Bangili inayoning'inia inaweza kunaswa na kuvuta mkono. Huyo avae mkufu mfupi ndani ya nguo. Mtoto mdogo usimvike kamba shingoni, maana inaweza kumkaba. Mvike mkononi. Isimbane wala isimvuke kiganja, na uipime tena kadiri anavyokua.

*Swali la nne: Je, mtu mwingine ataweza kuisoma?* Fanya jaribio hili. Mpe mtoto wa shule akae mbele yako, asome kwa sauti. Akikwama, herufi ni ndogo mno au maneno ni magumu.

Bangili zilizo tayari huuzwa katika baadhi ya maduka ya dawa mijini. Ukikosa, mwendee sonara, au fundi anayechonga majina kwenye vikombe vya michezo. Yeye huweza kuchonga kibati kidogo. Mpelekee maneno yakiwa yameandikwa vizuri, na uyasome tena kabla hujalipa. Kosa la herufi moja katika jina la dawa linaweza kuleta hatari.

Tuandike nini?

Nafasi ni ndogo. Andika yale tu ambayo mwokoaji anayahitaji kwanza: ugonjwa, dawa kubwa unayotumia au dawa inayokudhuru, jina lako, na namba ya simu ya mtu wako wa karibu. Tazama mfano huu:

MBELE: NINA KISUKARI. NATUMIA INSULINI.

NYUMA: ATHUMANI. NIKIWEZA KUMEZA NIPE SUKARI. SIMU YA MKE: ........

Andika kwa Kiswahili chepesi. Ukisafiri nchi nyingine, mwombe daktari akuandikie jina la ugonjwa katika lugha ya huko, nawe uliweke kwenye kadi. Si lazima kuandika kundi la damu. Hospitali hupima upya kabla ya kumwongeza mtu damu. Mambo marefu, kama vipimo vya dawa na jina la zahanati yako, yaandike kwenye kadi ya mfukoni. Dawa ikibadilishwa, au namba ya simu ikibadilika, rekebisha maandishi. Habari iliyopitwa na wakati inaweza kumpotosha mganga.

Vipi kuhusu siri?

Wengine husema, "Sitaki watu wajue ugonjwa wangu." Jambo hili si la kupuuzwa. Wagonjwa wa kifafa hasa wameteseka kwa maneno ya watu, ingawa kifafa hakiambukizi. Anayetaka kuficha anaweza kuandika ugonjwa upande wa ndani wa kibati, na nje akaandika SOMA NDANI. Anaweza pia kuvaa mkufu chini ya nguo. Lakini asiache kabisa. Mume au mke, jirani, na wenzake wa kazini wajue.

Ukimkuta mtu ameanguka

Usimcheke. Usiseme "amelewa" kabla ya kutazama. Tazama mikono yake yote miwili, kisha shingo. Sogeza mkono wa kanzu au wa gauni kwa heshima. Soma.

Kama ni kisukari, naye yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, mpe chakula, kama ugali, ndizi au mkate. Kama huna hakika kwamba sukari imeshuka au imepanda, mpe hiyo sukari kidogo. Iliyoshuka huua haraka zaidi.

Kama amezimia, usimtie kitu chochote kinywani, maana atapaliwa. Usimchome insulini. Mlaze kwa ubavu ili apumue vizuri, na mumkimbize hospitali.

Kama ni kifafa, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza. Usimshike kwa nguvu, wala usimtie kijiko kati ya meno. Degedege likituliza mwili, mlaze kwa ubavu. Likizidi dakika 5, mpelekeni hospitali.

Tukumbuke

Mzee Athumani bado amelala chini ya mwembe. Wengi wanapita. Anahitaji mambo mawili: bangili mkononi mwake, na mtu anayeweza kuisoma. La kwanza ni juu yake. La pili linaweza kuwa juu yako wewe, uliyejifunza kusoma. Na hata akivaa bangili, asisahau kula baada ya sindano, na mfukoni awe na sukari au peremende.

Maneno ya kujifunza

*insulini* – dawa inayopunguza sukari katika damu

*kibati* – kipande kidogo chembamba cha chuma

*kuchonga* – kukata herufi ndani ya kitu kigumu

*kuzimia* – kupoteza fahamu

Maswali

1. Kwa nini watu wa gulioni walifikiri Mzee Athumani amelewa?
2. Mzee Athumani alikosea nini asubuhi ile?
3. Bangili ya mgonjwa na hirizi zinatofautianaje?
4. Kwa nini kadi ya mfukoni peke yake haitoshi?
5. Kwa nini mtu aliyezimia asinyweshwe maji ya sukari?

Kazi ya kufanya

1. Andika katika daftari lako maneno ya kibati cha mtu anayedhurika na penisilini. Usizidishe maneno kumi. Mpe mwenzako asome kwa sauti.
2. Zungumzeni darasani: Katika kijiji chetu, mgeni akianguka sokoni, nani atamsaidia? Tuna sukari wapi? Kituo cha afya kiko umbali gani, na tutampelekaje?
3. Ukirudi nyumbani, wasomee jamaa zako sehemu isemayo "Ukimkuta mtu ameanguka".