Kutoka Kanda hadi Diski: Uteuzi wa Programu Sahili kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

1. Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kwenda nyanjani kukusanya data ya fasihi simulizi anafahamu kwamba utungo hauishi katika maneno pekee. Mpigaji nyatiti wa Kijaluo, kwa mfano, huketi kwenye kigoda kifupi akacharaza nyuzi nane kwa vidole, huku pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao wa ala iyo hiyo. Unukuzi wa maneno ya wimbo wake, hata ukiwa sahihi kiasi gani, hauwezi kutuonyesha mguu huo. Kwa sababu hiyo, kamera za kanda za MiniDV, zilizoingia sokoni mwaka 1995, zilikuwa zana yenye manufaa makubwa kwa mtafiti.

Kamera hizo sasa zimepitwa na wakati, na chache zilizosalia zinazidi kuchakaa. Kanda zenyewe bado zimo makabatini. Kwa upande mwingine, fanani na jamaa zake, ambao pengine wana deki ya DVD sebuleni lakini hawana tarakilishi, wanastahili kurudishiwa kazi yao katika umbo wanaloweza kulitazama. Makala haya yanajadili namna ya kuteua programu ya kuhamisha picha kutoka kanda hadi diski. Hoja yetu kuu ni kwamba programu iliyo sahili kwa kweli si ile inayomaliza kila kitu kwa mbonyezo mmoja, bali ile inayomwachia mtafiti nakala asilia mkononi.

2. Hatua za Kazi

Kazi hii ina hatua nne, na ni vyema kuzitenganisha kabla ya kuzungumzia programu. Hatua ya kwanza ni kunasa, yaani kuicheza kanda katika kamera iliyounganishwa na tarakilishi kwa kebo ya FireWire ili picha zihifadhiwe kama faili. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kunaswa. Hakuna njia ya mkato. Hatua ya pili ni kuhariri, yaani kuondoa sehemu zisizohitajika na kuongeza anwani. Hatua ya tatu ni kuibana picha katika muundo wa MPEG-2 unaoeleweka na deki, pamoja na kuunda menyu. Hatua ya nne ni kuchoma diski.

3. Hesabu Isiyokwepeka

Picha za DV hutumia takriban megabiti 25 kwa kila sekunde, na saa moja huzaa faili ya gigabaiti 13 hivi. Diski ya DVD ya safu moja hubeba gigabaiti 4.7 tu, na kanuni za DVD haziruhusu picha kuzidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Ni dhahiri basi kwamba hata kanda moja ya saa moja haiwezi kuingia katika diski bila kupunguzwa. Kinachotupwa wakati wa kubana hakirudi tena.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyerekodi ngoma za arusi kwa saa nne. Akiamua kuzitia zote katika diski moja, kila sekunde itapata chini ya megabiti 3, na miguu ya wachezaji itageuka viraka vya rangi. Akizigawa katika diski nne za saa moja moja, anaweza kutumia megabiti 8 kwa sekunde, na kila hatua itaonekana. Iwapo baada ya hapo atarekodi kitu kingine juu ya kanda zake kwa kuamini kwamba diski inatosha, atakuwa amebaki na kivuli cha data yake. Diski ni ya kutazamwa. Faili ya DV ndiyo akiba.

4. Vigezo vya Uteuzi

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza mtafiti aipime programu yoyote kwa vigezo vitano:

(a) Je, inaacha faili ya DV kama ilivyotoka kwenye kanda? Programu inayopeleka picha moja kwa moja kutoka kamera hadi diski haifai kwa utafiti, hata ikiwa nyepesi kutumia.

(b) Je, inaruhusu kuchagua PAL? Kamera na deki za Kenya hufuata mfumo huu wenye picha 25 kwa sekunde na ukubwa wa 720 kwa 576. Programu nyingine huanza na mfumo wa NTSC wa Marekani, na mtumiaji asipoubadilisha, mwendo wa picha hukwamakwama.

(c) Je, inaheshimu umbo la picha? Picha ya 4:3 ikilazimishwa kuwa 16:9, fanani hunenepa asivyokuwa.

(d) Je, inakubali manukuu? Utungo wa Kibukusu au wa Kigiriama unaweza kuwekewa tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, na mtazamaji akaizima apendapo.

(e) Je, menyu yake inaandikika upya? Hapana haja ya mzee kusomewa maagizo ya Kiingereza ili aisikie sauti yake mwenyewe.

5. Programu Chache

Miaka ya 2000 uteuzi ulikuwa rahisi kwa sababu zana zilikuja pamoja na tarakilishi. Kampuni ya Apple ilitoa iDVD mwaka 2001, nayo Microsoft ikatia Windows DVD Maker katika baadhi ya matoleo ya Vista na ya Windows 7. Zote mbili zimeachwa: tarakilishi mpya za Mac hazikupewa tena iDVD kuanzia mwaka 2011, na Windows 8 ya mwaka 2012 haikuwa na DVD Maker. Funzo lililopo ni kwamba mradi uliohifadhiwa katika muundo wa programu moja tu hufa pamoja na programu hiyo.

Kwa mtafiti asiye na fedha, njia inayofaa leo ni kutumia programu ndogo za bure, kila moja kwa hatua yake. WinDV hunasa picha za DV katika Windows bila kuzibadilisha. Katika Linux, dvgrab hufanya kazi iyo hiyo. Kdenlive hutosha kwa uhariri. DVDStyler huunda menyu, hupokea manukuu na hutengeneza diski ya PAL. Haina uwezo wa kunasa kutoka kamera, na hili si kasoro bali ni mgawanyo wa kazi. Tarakilishi isiyo na kiendeshi cha DVD huunganishwa na kiendeshi cha nje kwa kebo ya USB.

Kabla ya kutoa nakala nyingi, mtafiti achome diski moja, ahakikishe imefungwa kabisa ili deki iweze kuisoma, kisha aijaribu katika deki ya kawaida, si katika tarakilishi yake tu.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba uteuzi wa programu ni sehemu ya mbinu za utafiti. Faili za DV ziwekwe katika diski kuu mbili zinazohifadhiwa mahali tofauti, zikiandamana na jina la fanani kama aliridhia kutajwa, mahali, tarehe na lugha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya hapo, DVD ipelekwe kwa fanani na jamaa zake, kwa maana kazi ni yao kabla ya kuwa data yetu.

Zoezi

1. Una kanda tatu za saa moja moja. Kokotoa nafasi inayohitajika kuhifadhi faili zote za DV katika diski kuu mbili.
2. Chagua programu moja ya kuunda DVD, uipime kwa vigezo (a) hadi (e), kisha ueleze iwapo ungeitumia kwa utafiti wako.