Haki Imeandikwa, Unaidai Wapi?



Ndugu msomaji, muhula uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, ndugu mmoja wa jumuiya yetu hapa Uganda alinivuta pembeni. Alikuwa ameshikiliwa na polisi siku sita bila kufikishwa mahakamani, kisha akaambiwa aende nyumbani. Kwa kuwa nasoma sheria, nilianza kumtajia mikataba. Akanikatiza: "Shekhe, sikuulizi imeandikwa wapi. Nakuuliza naenda wapi." Nimelisoma upya somo hili kwa sababu ya swali hilo.

Maandishi hayakosekani. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, lakini ni tamko tu, halina mahakama yake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1995, unakataza katika Ibara ya 9 mtu kuzuiliwa kiholela. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unakataza hivyo hivyo katika Ibara ya 6. Na Katiba yetu ya 1995, Ibara ya 23, inataka mtuhumiwa ambaye hajaachiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48.

Sasa, wapi? Wengi wetu hukimbilia kutaja Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Uganda iliridhia Itifaki yake mwaka 2001, lakini haikuweka tamko la kuruhusu raia wake kuishtaki moja kwa moja, na bila tamko hilo mtu binafsi hapokelewi. (Rwanda iliweka, ikaliondoa mwaka 2016, Tanzania ikafuata 2019.) Iko Tume ya Afrika kule Banjul, nayo humpokea mtu binafsi, ila kwanza awe amemaliza njia za mahakama za nchini mwake, isipokuwa kama zinacheleweshwa kupita kiasi.

Lakini Arusha kuna mahakama nyingine, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hii ndiyo tunayoisahau. Haikupewa rasmi mamlaka ya haki za binadamu. Hata hivyo Ibara ya 6 ya Mkataba wa Jumuiya inazifunga nchi wanachama kwa utawala wa sheria, na Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote kushtaki bila kupitia kwanza mahakama za kwao.

Shauri la Katabazi na wenzake lilianzia hapa hapa Kampala. Novemba 2005 Mahakama Kuu iliwapa dhamana washtakiwa 14 wa uhaini. Askari wenye silaha wakaizingira mahakama, wakazuia dhamana ile, washtakiwa wakarudishwa gerezani. Serikali ilipoitwa Arusha, moja ya hoja zilizojadiliwa ni kwamba mambo ya haki za binadamu si ya mahakama ile. Majaji wakajibu, Novemba 2007, kwamba hawataacha kazi yao ya kuutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu shauri limegusa haki za binadamu. Wakaamua kwamba kitendo cha askari kilivunja utawala wa sheria. Kwangu mimi hukumu hiyo ina faida kwa mwanafunzi kuliko mihadhara mitatu.

Tatizo ni muda. Ibara hiyo hiyo ya 30 inatoa miezi miwili tu, tangu tendo lilipofanyika au ulipolijua. Mwaka 2012 Kitengo cha Rufaa kilikataa shauri la mateso ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, kwa sababu lilichelewa, na kikasema hakina uwezo wa kuongeza muda. Ni sheria kali mno, kwa maoni yangu. Aliyeteswa huhitaji miezi miwili apate tu kusimama.

Nilimuuliza ndugu yetu aliachiwa lini. Akahesabu kwa vidole: miezi mitatu na siku kadhaa. Ikabaki Ibara ya 50 ya Katiba, yaani kudai haki yake katika mahakama za hapa nyumbani, nasi tukaenda kwa wakili. Wakili hakuuliza habari za mkataba wowote. Aliuliza tarehe na saa ya kukamatwa, na nani alimwona mahabusu. Ndugu yetu hakuwa ameandika kitu. Ikabidi tumpigie simu mama yake, ambaye alikuwa akimpelekea chakula kila siku, naye akazitaja siku zote sita bila kusita.