Uso kama Ishara: Kutoka Emoji hadi Macho Mekundu Usukumani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili jinsi binadamu anavyoitikia, kwa hisia na kwa mwili, ishara za uso. Inadaiwa kwamba mwitikio huo hutawaliwa na maana ambayo jamii imeupachika uso, na kwamba kuusoma vibaya kwaweza kugharimu uhai.

2.0 Uso wa Kuchorwa

Mwaka 2014, Owen Churches na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba alama :-) huamsha ubongoni mwitikio unaokaribiana na ule wa uso wa mtu. Ikigeuzwa kuwa (-: mwitikio huo hupotea. Mazoea ndiyo yaliyozipa nukta na mistari hiyo sura. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Masaki Yuki na wenzake walibaini kwamba katika kukisia hisia za nyuso za kuchorwa, Wajapani hutegemea zaidi macho, na Wamarekani kinywa.

3.0 Uso wa Mtu

Katika jamii za Wasukuma wa Shinyanga na Geita, macho yamesomwa kwa namna ya kutisha. Wekundu wa macho ya kikongwe ulichukuliwa kuwa dalili ya uchawi. Aliyeuona aliingiwa na hofu, na hofu ikageuzwa ushahidi. Wanawake wazee wengi wameuawa kwa tuhuma hizo.

Hata hivyo, wekundu huo una chanzo kinachojulikana. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata ikabidi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) uanzishwe mwaka 1986 kurejesha miti. Kuni zilipoadimika, wanawake walipikia mabua na samadi kavu, na moshi wa miaka mingi ukayaathiri macho yao.

Kwa mujibu wa uainishaji wa C. S. Peirce, macho hayo ni kielekezi: huelekeza kwenye moshi, kama moshi uelekezavyo kwenye moto. Jamii iliyasoma kama alama ya makubaliano, mithili ya emoji. Lakini emoji huteuliwa na mtumaji ili aseme jambo. Kikongwe hakuteua wekundu ule, wala hakusema neno.

4.0 Hitimisho

Moyo kwenda mbio mbele ya uso fulani hudhihirisha alichofunzwa mtazamaji; nia ya mtazamwa hubaki haijajulikana. Ufundishaji wa semiotiki kwa Kiswahili hauna budi kuanzia kwenye tofauti hiyo, kwani Usukumani imekuwa tofauti ya kufa na kupona.