Kuchagua Moteri ya Umeme kwa Mtumbwi wa Kuvulia

Wavuvi wa Moero, wa Luapula na wa Lufira, na ninyi wa Tanganika pia, fundisho hili ni lenu. Moteri tunayosema hapa ni ile ndogo yenye fimbo ndefu. Juu kuna mkono wa kushikia. Chini, ndani ya maji, kuna tumbo la moteri pamoja na helisi, yaani panga zinazozunguka na kusukuma maji. Nyuzi mbili nene zinatoka kwake mpaka kwenye batri. Haitaki esanse, haitoi moshi, na haina makelele. Ilianza Marekani: mwaka 1934, mji wa Fargo, O. G. Schmidt alitengeneza moteri ya namna hii kwa kusukuma mashua polepole, wakati mvuvi anapokokota ndoana nyuma yake.

Shikeni neno hili, polepole. Moteri hii si ya mbio. Mtumbwi wenye mzigo utakwenda kilometre 5 kwa saa, pengine 6, si zaidi sana. Yafaa kwa kutega nyavu karibu na pwani, kwa kuzunguka katika matete, na kwa kuvua chisense usiku pahali pasipo mbali. Lakini mtu wa Kalemie anayekwenda mbali katikati ya Tanganika kutafuta ndagala, asiitegemee hata kidogo. Huko mawimbi huja kwa ghafula, na batri ikikwisha hakuna wa kukuuzia nyingine juu ya maji. Yeye abaki na moteri ya esanse. Na yeyote mwenye moteri ya umeme asiache makasia nyumbani.

Mbele ya kununua, pimeni uzito. Nguvu ya moteri hii haihesabiwi kwa farasi kama ile ya esanse. Inahesabiwa kwa ratili za Kiingereza za kusukuma. Ratili moja ni karibu nusu kilo, kwa kweli gramu 454. Desturi ya mafundi ni hii: kwa kila kilo 100 za mtumbwi na vyote vilivyomo, zitakiwe kilo 2 za kusukuma. Tufanye hesabu moja. Mtumbwi wa mbao kilo 250. Watu watatu kilo 180. Nyavu na vyombo kilo 40. Samaki wa kurudi nao kilo 60. Batri na moteri kilo 40. Jumla kilo 570. Kilo 2 kwa kila 100 ni kilo 11 na kidogo, ndiyo ratili 25. Je, tununue ya ratili 25? Hapana. Hesabu ile ni ya maji yaliyotulia. Moero ina upepo, na Luapula ina mkondo. Ongezeni nusu yake tena, mtafika karibu 38. Basi moteri ya ratili 40 au 45 itawafaa, na batri moja ya volti 12 inatosha kwake. Moteri zinazopita ratili 55 mara nyingi hutaka batri mbili zilizofungwa pamoja, volti 24; hizo ni za mashua kubwa, na gharama yake ni kubwa vile vile.

Watu wengi hufikiri kwamba moteri ndicho kitu cha bei, na batri ni kitu kidogo. Sivyo. Batri ndiyo tangi lenu la mafuta, na mara nyingine bei yake inapita bei ya moteri. Mtu akitoa franga zote kwa moteri, halafu akaazima batri ya kamio, amekwisha kupoteza mali yake. Batri ya kamio imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika chache tu, kwa kuwasha mashini. Ukiimaliza kila siku, vipande vya risasi vilivyo ndani yake vinaharibika upesi, na mvuvi anabaki na deni. Ulizeni batri ya kufanya kazi ndefu, ile inayokubali kushuka na kujazwa mara nyingi.

Hizo nazo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya risasi na asidi. Bei yake ni ndogo, lakini ile ya ampere-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30, na haifai kutumia zaidi ya nusu yake. Ya pili ni ya lithiamu pamoja na chuma na fosfati. Bei yake ni kubwa, lakini uzito wake haufiki nusu ya ule wa risasi, unaweza kutumia sehemu nane katika kumi, na inajazwa mara elfu na zaidi, kumbe ile ya risasi huchoka baada ya mamia machache. (Ninyi mnaoishi karibu na mashimo ya Kolwezi mtauliza kama kobalti yenu imo ndani yake. Katika batri hii haimo. Imo katika batri nyingine za lithiamu.) Kwa maoni yangu, watu watatu wakiweza kuchanga, wanunue ya lithiamu. Mtu peke yake aanze na ya risasi, lakini aitunze.

Sasa tazameni saa za kazi. Moteri ya namna hii, ikifunguliwa yote, inakula karibu ampere moja kwa kila ratili moja. Moteri ya ratili 45 inakula karibu ampere 45. Batri ya risasi ya 100 inakupa 50 tu za salama. Basi saa moja, na pengine haitimii! Kwa saa ile umekwenda kilometre 5, na nusu ya njia ni ya kurudi. Lakini punguza mwendo uwe nusu, na chakula cha moteri kitashuka chini ya robo. Anayekwenda polepole anafika mbali kupita anayekimbia. Kwa sababu hii chagueni moteri ambayo mwendo wake unapanda na kushuka kidogo kidogo bila hatua. Zile za kizamani zenye hatua tano hupunguza mwendo kwa kupoteza umeme katika joto. Tena gaweni batri kwa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la upepo.

Nunueni pia kipimo cha volti, ni kitu kidogo. Batri ya risasi iliyopumzika ikionyesha 12.7 imejaa, ikionyesha 12.2 imebaki nusu, rudini. Batri ya lithiamu haisemi kweli kwa njia hii, kwa maana volti zake hazishuki mpaka karibu na mwisho; yenyewe inataka kipimo kinachohesabu ampere zinazotoka.

Kijiji kisicho na umeme kitajaza batri kwa jua. Kibao cha wati 100, katika siku ya jua zuri, hakirudishi nusu ya batri ya 100 kwa siku moja. Kinataka siku moja na nusu au mbili. Anayevua kila siku aweke vibao viwili, na kati ya kibao na batri awepo mlinzi wa umeme anayelingana na namna ya batri yake. Batri ya risasi ikijazwa hutoa hewa inayoshika moto: ijazeni nje au penye dirisha, msivute tumbako karibu. Ndani ya mtumbwi ikae chini katikati, katika sanduku, isije ikapindua mtumbwi. Na fyuzi iwe karibu na batri, wala nyuzi zisiwe nyembamba.

Urefu wa fimbo ni jambo la kupima kwa kamba. Pimeni toka pale moteri itakapofungwa mpaka juu ya maji, halafu ongezeni santimetre 30. Ikiwa fupi, helisi itatoka nje katika mawimbi na kupiga hewa bure. Ikiwa ndefu mno, itagonga mchanga.

Juu ya maji ya chumvi. Maziwa yetu ni maji matamu, kwa hiyo moteri ya maji matamu yatosha. Lakini mwenye ndugu Moanda au Banana, pwani ya bahari, amwambie asinunue hiyo. Chumvi hula chuma na nyuzi. Moteri ya bahari ina fimbo isiyoshika kutu, imefungwa vizuri maji yasiingie, na ina kipande cha zinki kinacholiwa mahali pa moteri yenyewe. Kikiisha, wanaweka kingine. Nayo pia huoshwa kwa maji matamu kila jioni.

Lakini watu wa Likasi na wa Tshangalele, ziwa lililofanywa na ukuta wa Mwadingusha mwaka 1930, msiseme maneno haya hayawahusu. Maji yanayotoka viwandani mara nyingine yana asidi, nayo hula aluminiumu. Wenye elimu walipima samaki wa ziwa lile wakakuta ndani yao shaba na kobalti. Kama maji yanaacha rangi juu ya mawe, osheni moteri kwa maji ya kisima. Wala msivue kwenye mlango wa mfereji ule.

Kila juma fungueni helisi. Nyuzi za nyavu hujizungusha nyuma yake, hukata mpira unaozuia maji, na moteri inakufa bila kelele. Wekeni akiba ya pini ya helisi ndani ya kisanduku.

Ng'ambo ya Luapula, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 ya mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2. Popote uvuvi unapofungwa, batri ya risasi isiachwe tupu hata juma moja. Ijazwe kabisa, iwekwe pahali pakavu, na ijazwe tena kila mwezi. Ya lithiamu iwekwe ikiwa nusu, nyuzi zake zimefunguliwa.