Shaba, Ngozi na Shanga: Mapambo ya Kwetu



Vitu vya mapambo vilivyofanywa kwa mikono vyapendwa sana na wageni kuwa zawadi. Sifa ya vitu hivyo haitoki katika uzuri tu, bali pia katika habari zake. Nchini Armenia, kwa mfano, mafundi huchonga misalaba juu ya mawe yaitwayo khachkar. Mwaka 2010 UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu, pamoja na maana yake. Basi yafaa tujiulize: sisi wa Nambis na jirani zetu tunazo kazi gani za namna hiyo? Nitaeleza tatu, kisha nitasema neno juu ya kuziuza.

Kwanza, shaba. Wadatoga, ambao kwa Hanang wengi wao ni Wabarabaig, wana wahunzi mashuhuri. Kwa desturi uhunzi ni kazi ya ukoo, na mwana hujifunza kwa baba yake. Katika bonde la Ziwa Eyasi wahunzi hukusanya makufuli mabovu na vipande vingine vya shaba ya manjano, wakaviyeyusha kwa moto wa makaa unaopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ikiisha kuyeyuka humiminwa katika kalibu. Ikipoa hugongwa kwa nyundo, hukunjwa kuwa bangili, kisha huchorwa nakshi kwa chombo chenye ncha kali.

Hapa pana somo la sayansi. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, nayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 900 hivi za Sentigredi au zaidi kidogo. Chuma safi hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,538. Kwa hiyo moto wa mhunzi waweza kuyeyusha shaba, lakini chuma hukilainisha tu. Ndiyo sababu shaba humiminwa na chuma hufuliwa. Kwa misumari mhunzi hufua vyembe vya mishale, na Wahadzabe huvipata kwake kwa kubadilishana na asali. Mzee ambaye hakuingia darasani ayajua mambo haya kwa kutazama rangi ya moto.

Pili, ngozi. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa huvaa vazi la ngozi liitwalo hanang'weend, lililokatwa vipande vyembamba virefu vinavyoning'inia. Vazi hili si pambo tu. Ni alama ya heshima ya mke na ya uzazi, na wenyewe hawapendi lichezewe.

Tatu, shanga. Zamani wasichana wa Kiiraqw waliwekwa ndani katika unyago ulioitwa marmo. Humo walifundishwa mambo ya utu uzima, na walitengeneza sketi za ngozi zilizotiwa shanga kwa mistari na maumbo mbalimbali. Unyago huo umekwisha zamani. Baadhi ya sketi hizo sasa zimo katika makumbusho ya Marekani. Huko zimetunzwa vizuri, lakini hakuna bibi wa kueleza kila mstari ulikuwa na maana gani. Hasara hii ni kubwa, maana sketi yaweza kurudishwa, bali maneno ya aliyekufa hayarudi.

Sasa, je, tuviuze vitu vyetu? Nadhani jibu si moja. Bangili ya shaba tangu zamani ni kitu cha kubadilishana. Kuiuza hakuna aibu, mradi mhunzi apate haki yake. Na haki hiyo ihesabiwe vema: bei ya shaba, ya makaa, na ya siku alizofanya kazi. Hanang'weend ni jambo jingine. Kuikata ili kupamba ukuta wa mgeni ni kuuza heshima ya mama wa watu. Na nakshi za sketi za marmo zaweza kushonwa juu ya mikoba na mikanda, lakini lazima mnunuzi aambiwe kwamba ni nakshi za Wairaqw na zilitumika wapi. Kitu kinachouzwa bila habari zake hugeuka kuwa mchezo tu.

Kwa hiyo natoa kazi ya likizo. Kila mmoja wetu amwendee bibi au babu, amwamkie kwa adabu, amwulize juu ya pambo moja tu. Kisha aandike daftarini:

1. Jina lake kwa Kiiraqw au kwa Kidatoga.
2. Hufanywa kwa vitu gani, na kwa hatua zipi.
3. Nani huvaa, na wakati gani.
4. Je, wenyewe wakubali liuzwe?

Tukifungua shule tuyakusanye madaftari hayo katika maktaba yetu. Wazee wetu hawatangoji mpaka tumalize masomo ndipo tuwaulize.