Shangazi, naogopa kuonekana mkutanoni

Mimi ni fundi wa magari hapa Riruta, nina miaka 39 na watoto wawili. Nilianza na bia za Jumamosi pamoja na wenzangu wa gereji. Siku hizi hakuna siku inayopita bila pombe, na mfuko ukikauka naishia kwa mama pima, muuza pombe haramu, huko Kawangware. Asubuhi mikono hunitetemeka, spana haishikiki mpaka nitoe loki, yaani ninywe kidogo cha kuzimua. Nimeapa mbele ya mke wangu na mbele ya pasta, nikakaa miezi miwili, nikarudi pale pale. Mke amehamia kwa dada yake, huko Kabiria. Shemeji ananiambia kuna mikutano ya watu walioacha pombe. Je, hulipiwa? Ni ya kanisa fulani? Na nikimkuta mteja wangu huko, uso wangu nitauweka wapi?
Fundi, Riruta

Mwanangu, kabla ya mikutano, tuzungumzie hiyo mikono, maana ndiyo iliyonitia hofu niliposoma barua yako. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, kuona na kusikia mambo yasiyokuwepo, hata kufa, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika siku tatu za kwanza. Kwa hivyo usijifungie chumbani na kiapo kingine. Nenda kituo cha afya cha Riruta, au hospitali ya Mbagathi au ya Kenyatta, umwambie daktari kiasi unachokunywa bila kukipunguza, umtajie na hiyo ya kutoa loki. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo. Hospitali ya Mathari, kule barabara ya Thika, wana kitengo cha kuwatibu waraibu.

Na kwa mama pima usirudi hata kwa kuaga. Novemba 2000, hapa hapa Nairobi, pombe ya kumi kumi iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine, wengi wao wakazi wa mitaa ya mabanda ya Mukuru. Hakuna anayenusa glasi akajua kilichotiwa ndani.

Sasa mikutano. Ipo, na shemeji yako amekutakia mema. Inayojulikana zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, yaani AA, na Nairobi ina vikundi kadhaa. Hailipiwi. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya ukumbi. Asiye na kitu hukipitisha kwa jirani yake, na hakuna anayemtazama. Vingi hukutana katika kumbi za makanisa, ndiyo sababu watu hudhani ni ibada. Mungu hutajwa, lakini kila mtu huachiwa amwelewe anavyomwelewa, na haulizwi dhehebu lake. Sharti la kujiunga ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa.

Ukifika utakuta viti, chai na watu wa kawaida. Mmoja atasema jina lake la kwanza, aseme kuwa yeye ni mlevi, kisha asimulie alivyokunywa na anavyoishi sasa. Hakuna anayemkatiza wala kumhubiria. Zamu yako ikifika unaweza kusema, “Leo nasikiliza tu,” na inatosha. Kabla ya kuondoka, omba nambari ya mtu aliyekaa miaka bila pombe. Nambari hiyo ndiyo utakayoipiga saa kumi na moja jioni, baa zinapofunguliwa na wenzako wa gereji wanaponawa mikono.

Chama chenyewe kilianza kwa simu ya namna hiyo. Mwaka 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa Marekani, alikuwa hotelini mjini Akron, dili lake limevunjika na baa iko hatua chache tu. Badala ya kuingia, alipiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye naye alikuwa ameapa na kurudia mara nyingi. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo. Wewe hukuwa na mwenzako wa namna hiyo: mke wako alikupenda na pasta alikuombea, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuamka na kiu hiyo. Ndiyo maana viapo vyako vilikuacha peke yako.

Kuhusu mteja wako: ukimkuta mle, naye amekuja kwa shida hiyo hiyo, na desturi ya mikutano ni kuwa aliyeonekana humo hatajwi nje. Kama bado moyo unasita, panda matatu uhudhurie upande mwingine wa jiji. Nauli hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kulewa. Lakini niseme ukweli: Riruta imekuona ukiyumba kwa muda mrefu. Aibu unayoiogopa ulishaipata, na haikutoka ukumbini.

Mwambie mke wako kwamba Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya familia za walevi. Anaweza kwenda hata kabla hujaacha.

Piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni bure. Waulize kikundi kilicho karibu nawe, siku na saa. Daktari umwone kesho asubuhi, tena mwombe shemeji akusindikize.