SOMO LA KIKUNDI: KIBANIO CHA KALAMU KINACHOSHIKA



Kikundi kinaweza kuchonga kalamu nzuri ya mzeituni wa mwituni, ikang'aa kabisa. Lakini mteja akishanunua anaichomeka mfukoni mwa shati. Kibanio kikilegea, ataiangusha siku ile atakapoinama kisimani, na jina la kikundi litaanguka nayo. Basi leo tujifunze kutengeneza kibanio cha shaba ya manjano, ile mafundi wa jua kali huita brasi.

KWA NINI KIBANIO HULEGEA

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ukiigonga ikiwa baridi, inazidi kuwa ngumu na kupata mrusho kama springi. Ukiitia motoni ikawa nyekundu, inakuwa laini, na hata ikipoa inabaki laini. Hapa wengi hukosea. Wanadhani ni kama chuma cha patasi, ambacho hukomaa kwa kuwekwa motoni na kuzamishwa majini. Shaba sivyo. Maji huipoza tu, hayaikomazi.

Kwa hivyo shikeni kanuni hii: kichwa kiwe laini ili kikunjike, mguu uwe mgumu ili ushike.

VIFAA

Bamba la shaba lenye unene wa milimita 0.8, mkasi wa bati, koleo, nyundo ndogo, tupa, msasa, msumari, kipande cha reli cha kugongea, jiko la makaa na ndoo ya maji.

HATUA KWA HATUA

1. Chora kwa rula na msumari, kisha kata vipande vya urefu wa sentimita 6 na upana wa milimita 6. Bamba la sentimita 30 kwa 30 hutoa 250. Toa vya kuharibika, hesabu 200.

2. Mkasi hupinda kipande. Kinyooshe juu ya reli kwa kugonga polepole, ukiacha sentimita 2 za juu. Huko kugonga ndiko kunakomaza mguu. Lakini usizidishe, kingo zitapasuka.

3. Piga tupa kingo zote, zisichane shati wala kidole.

4. Shika mguu kwa koleo karibu na zile sentimita 2, ili koleo linyonye joto. Weka kichwa tu kwenye makaa. Fanya kazi kivulini, maana juani huwezi kuona wekundu. Kikianza wekundu hafifu, toa, tia majini.

5. Kunja kichwa kwa kukizungusha kwenye msumari mnene, kama mpini wa bakora: milimita 10 za ulimi, milimita 7 za daraja, kisha mguu.

6. Pinda ncha ya chini kidogo nje, ili nguo iingie kwa urahisi. Juu yake kidogo, gonga kwa msumari butu upande wa nje mpaka nundu ndogo itokee ndani. Nundu hiyo ndiyo inayobana nguo.

7. Sugua kwa msasa, halafu kwa majivu na ndimu. Suuza vizuri, kausha, paka nta ya nyuki. Bila nta, jasho huleta kutu ya kijani kwenye shati.

8. Kata ufa wa sentimita 1 kwenye kichwa cha kalamu, mahali ambapo mbao haina tundu. Ingiza ulimi, toboa mbao na ulimi pamoja, pitisha kipande cha waya wa shaba. Jaza ufa kwa gundi na unga wa mbao.

9. Jaribu. Chomeka kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili, ingiza na kutoa mara 50. Nundu bado ikigusa mbao, uza. Ikiwa imeachana, mguu uliguswa na moto. Hicho usiuze.

TAHADHARI YA MOSHI

Fanyeni kazi nje. Zinki huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi, na shaba ikipashwa kupita kiasi hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta anaweza kushikwa jioni na homa na kutetemeka, akadhani ni malaria. Ukienda kliniki, mwambie daktari kazi uliyofanya. Maziwa hayaondoi moshi huo mapafuni, hata kama mafundi husema hivyo. Na waya au bati lililopakwa zinki msilitie motoni kamwe.

SHABA IMETOKA WAPI?

Mabomba na makufuli ya zamani ni shaba ya kumwagwa, ukiigonga hupasuka. Nunueni bamba. Na mkinunua chakavu, nunueni kwa mwenye leseni, kama Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inavyotaka. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na minara ya umeme. Shaba ya bei rahisi mno inaweza kuwa imetoka kwenye laini ya zahanati yenu wenyewe. Faida hiyo haina baraka.

HESABU

Tuseme, kwa mfano tu, bamba ni shilingi 3,000. Vibanio 200 vikifaulu, kila kimoja kimekula shaba ya shilingi 15. Vikifaulu 100 tu, ni shilingi 30. Ongezeni makaa, msasa, gundi na muda wa mikono yenu. Muda pia ni pesa ya mwanakikundi, msiuache nje ya daftari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kati ya kalamu zetu, ngapi zimerudishwa, na kwa sababu gani?
2. Nani atajaribu kila kibanio kabla ya kuuza? Je, tutamkubalia akikataa kazi ya mwenyekiti?
3. Shaba yetu tunainunua wapi?

Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinamtaja Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha na shaba, aliyejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi yake. Basi hata kibanio kidogo ni kazi ya heshima. Mungu abariki mikono yenu.